Kwa Mama Agatha, Kabla ya Saa Nane

Abiria akishuka stendi ya Newala na njaa yake, hamwulizi mwenye duka wala mlinzi. Anamwuliza Nikolao, mkata tiketi wa mabasi ya Masasi, anayekaa kwenye kibanda cha mabati chenye kiti kimoja na feni isiyozunguka. Nikolao ana tumbo la mtu anayejua anachokisema. Chapati, atakwambia, ni za Swaumu, kule nyuma ya choo cha stendi; usiogope mahali, unga wake anaukanda kwa tui. Ming'oko, vile viazi vya porini vya kuchemsha, inunue asubuhi ingali na mvuke, ikipoa inakuwa kamba. Supu ya kuku iache, kuku wa stendi wamesafiri sana. Lakini ukitaka chakula chenyewe, chakula cha kukaa chini na kulegeza mkanda, nenda kwa Mama Agatha, kibanda cha makuti mkabala na ghala la korosho, uombe ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga.

"Ila kwanza uliza leo ni wapi," alikuwa akimalizia zamani.

Mgeni aliuliza, wapi kuna nini?

"Wapi panauma."

Chakula cha Mama Agatha kilikuwa na jambo hilo moja. Mumewe, Kasiani, alikuwa akimpiga, na pale alipopigwa yeye ndipo palipomvimba aliyekula. Akipigwa jicho, mteja anameza tonge la pili na jicho linaanza kujaa, la tatu linafumba. Akipigwa teke la mbavu, mteja anamaliza sahani yake akiwa amelalia upande. Chakula kilibeba pigo la siku hiyo tu, lile lililotangulia sufuria kubandikwa. Pigo la jana kilimwachia mwenyewe. Hakuna aliyelipeleka jambo hilo kwa mganga wala kwa padri, maana lilikuwa wazi, halina cha kuaguliwa. Watu wa Newala wamepandisha maji kutoka mabondeni kwa vichwa vyao miaka mingi. Hawaachi kitu kizuri kwa sababu kina taabu kidogo.

Waliishi nalo kwa akili. Waimba kwaya hawakula siku ya mdomo. Mafundi cherehani waliogopa siku ya vidole. Suleimani, dereva wa basi la Masasi, alisema jicho moja halimsumbui, barabara anaijua, ila mkono asingeuweza kwa sababu ya usukani. Waliofika nyuma waliwatazama usoni wale waliokwisha kula, ndipo wakanawa. "Leo shavu," waliambiana. "Afadhali. Jana kiuno, nimelala kifudifudi." Kwenye kundi la simu la wasafiri wa Newala na Masasi, taarifa ilitoka karibu na saa sita, na aliyeituma alikuwa Nikolao: Leo bega, mbaazi ni nzuri. Mpishi mwenyewe hakutazamwa sana. Habari zote zilikuwamo katika nyuso za wateja.

Mpishi huyo alikuwa dada yake Nikolao, tumbo moja, na jina lake la nyumbani ni Severina. Walizaliwa Chiungutwa. Kwa watu wao, neno la ndoa liko kwa kaka wa mke, mjomba wa watoto. Baba hupewa heshima na maji ya kuoga; mjomba ndiye anayeoza, mjomba ndiye anayepatanisha, na mjomba ndiye anayeweza kufika mlangoni kwa mume siku yoyote akasema, "Nimekuja kumchukua dada yangu," na mume akafunga mizigo kwa mikono yake mwenyewe. Hahitajiki hakimu. Anahitajika mjomba asimame mlangoni, basi. Nikolao hakuwa amesimama.

Sababu alikuwa nazo, na zote alijua ni mbovu. Yeye ndiye aliyemleta Kasiani kwao na kumsifu mbele ya wazee kuwa mtu mpole. Nyumba ya marehemu mama yao ilikuwa bado imesimama kule Chiungutwa, na ufunguo wake alitembea nao mfukoni mwa suruali, ukimchoma paja kila akikaa. Lakini Severina akienda zake, nani atapika Newala? Abiria akishuka na njaa ataambiwa nini? Nikolao aliona aibu kuwaza hivyo, na akaendelea kuwaza hivyo huku akitafuna.

"Shikamoo, kaka," Severina alimwambia mchana mmoja, akimwekea sahani. Ilikuwa siku ya shingo. Wateja wote kibandani walikuwa wakila huku wametazama upande mmoja, upande wa ghala.

"Marahaba, dada'angu."

"Kaka, naomba unirudishe nyumbani. Agatha yuko bweni Masasi, hana shida. Mimi msimu huu usiishe nikiwa bado hapa. Huyu mtu ataniua."

Nikolao alijaribu kumgeukia, shingo ikakataa. "Ngoja korosho ziuzwe kwanza," alisema. "Watu ni wengi sasa hivi. Halafu karanga leo umezikaanga kabla ya kuzitwanga?"

"Nimezikaanga."

"Nilijua tu. Zinanukia."

Siku ya mnada, mji ukiwa umejaa wakulima na magari ya mizigo, Kasiani alimpiga mkewe asubuhi kwa sababu chai ilikuwa ya moto. Siku nyingine ilikuwa kwa sababu imepoa. Alichukua mchi, ule ule wa kutwangia kisamvu, akampiga nao mkono wa kushoto mpaka mfupa ukakatika. Kisha akaoga, akaenda stendi kula chipsi mayai. Kasiani hakula kwa mkewe. "Chakula cha pale kinaumiza," alisema kila alipoulizwa, na muuza chipsi alimwonea huruma, akamwongezea kachumbari.

Severina aliufunga mkono kwa khanga. Swaumu wa chapati alikuja kumtwangia, akauosha mchi kwanza, maana ulikuwa na damu na nywele mbili tatu. Kisamvu cha siku hiyo kilikuwa kitamu kupita vyote alivyowahi kupika. Hilo wote walikubaliana baadaye, hata waliokuwa na hasira.

Mifupa ilianza kuvunjika mezani karibu na saa saba. Ilikuwa sauti ya kawaida, ka, ka, ka, kama watu wanaobangua korosho. Kwa bahati ulikuwa mkono wa kushoto, kwa hiyo waliendelea kula. Mzee mmoja kutoka Tandahimba alipiga ukelele, wakamwambia anywe maji. Waliotosheka na sahani moja walivunjika mara moja, kuvunjika kwa heshima. Walioomba nyongeza, mfupa uliwatoka nje ya ngozi, damu ikatiririka mpaka kwenye bakuli za mchuzi. Nikolao aliomba nyongeza. Suleimani pia.

Siku ile basi la Masasi halikuondoka. Hospitali plasta ziliisha, waliobaki wakafungwa kwa mbao za masanduku na kamba za magunia ya korosho. Wakulima walirudi makwao mkono mmoja ukiwa shingoni, na kuokota korosho kwa mkono mmoja si kazi. Watu walikasirika kwelikweli. Walikwenda mpaka kibandani kwa Severina wakapiga kelele. Mpishi gani anabandika sufuria akiwa amevunjika? Angefunga siku hiyo, nani angemlaumu? Mmoja alirusha jiwe, likavunja mtungi wa maji. Severina alisimama na mkono wake katika khanga, akawasikiliza mpaka walipochoka.

Kikao kiliitishwa Jumapili, uani kwa Nikolao, baada ya misa. Wanaukoo walikuja, na Suleimani alikuja kwa niaba ya wateja, plasta yake imechorwa na watoto. Kasiani alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi na mikono yake miwili. Swaumu alikuja bila kualikwa. Severina alikaa kwenye mkeka karibu na jiko, na pembeni yake palikuwa na kifurushi: khanga, sahani ya udongo ya mama yao, na mwiko. Kila mtu alikiona kile kifurushi na kila mtu alijua maana yake. Mke hafungashi mwiko kwenda matembezi.

Kasiani aliomba radhi kwanza. Alisema hakujua ingefika mbali vile. Yeye alimkusudia mke wake tu, hakuwa na ugomvi na abiria. Watu walitikisa vichwa. Lilikuwa jibu la kiungwana.

"Jamani," alisema Swaumu, "mwenzenu anapigwa. Nyie mnazungumza habari za sufuria?"

"Hilo tutalifikia, dada Swaumu," Suleimani alimjibu kwa upole.

Hawakulifikia, kwa sababu chakula kililetwa. Kikao cha ndoa kwao hakifungwi mpaka mke apike, na mume ale mbele ya ukoo. Severina alikuwa amepika kuku wa nazi kwa mkono mmoja. Asubuhi, kwa hasira ya kuitiwa kikao, Kasiani alikuwa amempasua mdomo kwa ngumi, kwa hiyo wote walijua watakachokipata. Walipokezana maji ya kunawa, wakala, na midomo ikaanza kupasuka mmoja mmoja kuzunguka mkeka. Swaumu alitaka kulirudia neno lake, lakini mdomo wake nao ulikuwa umekwisha kupasuka, na sauti ikatoka na damu bila maneno.

Nikolao hakuwa akiwatazama hao. Alimtazama shemeji yake. Kasiani alikuwa hajala mkononi mwa Severina tangu mwaka wa harusi. Aliwekewa firigisi, kama mwenye nyumba anavyowekewa. Akaitia mdomoni. Nikolao alitamani kwa moyo wake wote mdomo ule upasuke, meno yatoke, taya lianguke pale kwenye mkeka, ili mtu huyu ajue, na yeye Nikolao asilazimike kusema lolote. Kasiani alitafuna, akameza. Mdomo wake ulibaki mzima na unang'aa mafuta. Akachukua paja. Akalamba vidole.

"Kitamu," alisema. "Sikujua."

Ilikuwa haki yake kutoumia, watu walisema baadaye. Ngumi ilikuwa yake, na chakula kiliijua.

Sasa walibaki kumsubiri mjomba. Severina aliinua uso wake uliovimba, na hakumtazama kaka yake machoni, alitazama mfuko wa suruali. Nikolao alisimama. Ufunguo ukamchoma. Alitazama kuku aliyebaki kwenye sinia, mchuzi umeganda pembeni kama apendavyo, na akamwona abiria wa kesho akishuka na njaa yake.

"Shemeji," alisema, akijifuta damu kidevuni. "Mimi kama mjomba nina neno moja. Tunakuomba usubiri masufuria yaishe. Saa nane hivi yanakuwa yameisha. Baada ya hapo ni mambo ya nyumbani kwenu."

Watu pale uani wakashusha pumzi. Suleimani alisema huo ndio utu uzima. Kasiani alimpa shemeji yake mkono, akaahidi. Severina alikifungua kile kifurushi, akautoa mwiko, akaanza kupakua kwa waliokuwa bado hawajapata.

Kasiani alikuwa mtu wa ahadi, lazima lisemwe. Alinunua saa ya ukutani, akaitundika kibandani juu ya jiko, mahali ambapo kila mtu angeiona. Wateja walirudi, na wengine wapya walikuja kutoka Tandahimba na Masasi, wakala na kuondoka na nyuso zao kama walivyokuja nazo. Ni kweli kwamba kuanzia saa saba na nusu mikono ya mpishi ilitetemeka na mchuzi ukamwagika mezani. Nikolao aliandika kwenye kundi la simu kuwa wateja wawahi, wakae mbali na ukingo wa meza.

Jioni ya kwanza ya mapatano hayo, Severina alifika kwa Nikolao na bakuli lililofunikwa kitambaa. Alikuwa akichechemea. Jicho moja halikuwapo mahali pa jicho, palikuwa na uvimbe tu. Alipiga magoti, akaliweka bakuli mbele ya kaka yake.

"Shikamoo, kaka. Karibu chakula."

Nikolao alifunua kitambaa. Kilikuwa kisamvu, na kilikuwa cha moto. Kimepikwa baada ya saa nane.

Bakuli la dada halirudishwi na kitu ndani. Kaka akilirudisha na chakula, amemkana dada yake, ukoo unaitwa na kuambiwa, na hana tena neno kwa watoto wa dada wala mahali pa kuzikwa. Nikolao alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Alinawa. Tonge la kwanza lilimvunja jino la mbele. La pili lilimfumba jicho. La tatu lilimkuta kwenye figo akaangukia mkono juu ya mkeka, akajiinua, akamega tena. Severina alimsubiri amalize, mikono imetulia mapajani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutulia siku hiyo.

"Karanga," Nikolao alisema, akitema damu pembeni, "umezikaanga?"

"Nimezikaanga, kaka."

Nikolao alipolisafisha bakuli kwa kidole, Severina alinyoosha mkono akalipokea. Akalipakata, kisha akaunyoosha mkono tena, mtupu, kiganja juu, akauacha pale kati yao.

Nikolao aliingiza mkono mfukoni. Akaushika ufunguo. Ulikuwa na joto la paja lake. Akautoa mkono na leso, akajifuta mdomo.

"Kesho nitaleta tena," alisema Severina, akainuka.

Na ameleta tena, na bado analeta. Mkata tiketi wa Newala siku hizi anatembelea fimbo, na maneno mengine yanampita kwenye mapengo ya meno. Lakini abiria akishuka na njaa yake bado anamwuliza yeye, naye anamjibu vizuri. Chapati kwa Swaumu. Ming'oko asubuhi. Ukitaka chakula chenyewe, nenda kwa Mama Agatha, mkabala na ghala la korosho, uombe kisamvu, ule bila wasiwasi wowote.

"Ila uwe umemaliza kabla ya saa nane," humalizia.

Mgeni humtazama uso, kisha huuliza kwa adabu kuna nini baada ya saa nane.

"Wanafunga," anasema Nikolao.