Mke Mwenza wa Tangini

"Sogea kidogo, unamkinga mwanga," mtunza matangi alimwambia mkewe. "Yuko pale chini ya jiwe. Ametoa kichwa tu."

Mkewe aliinama mpaka pua ikagusa kioo. Hakuwahi kufika kwenye mapokezi ya kliniki hii ya meno, ila kila jioni, wakila, alisimuliwa habari za gobi: samaki wa baharini asiyezidi urefu wa kidole cha mwisho, mwenye madoa ya buluu mashavuni, anayeshinda mlangoni mwa shimo lake kama bawabu. Ndiyo maana alimwita mke mwenzake. Leo, alipomletea mumewe chakula alichokisahau nyumbani, aliapa hatoki mpaka amwone huyo anayemchelewesha mume wa watu.

"Simwoni."

"Hawa wana haya. Hujifukia mchangani hata kutwa nzima. Subiri."

Alipenyeza bomba jembamba majini, akapuliza chakula hadi chini ya jiwe. Kisha akachovya kidole, akaonja maji. Siku hizi chumvi aliipima kwa ulimi, kwa kuwa mistari ya kipimo ilikuwa imeyeyuka mbele ya macho yake. Hilo hakumwambia mtu. Mtunza samaki asiyeona samaki, nani atamwacha kazini?

"Mbona mfuniko una upenyo huku nyuma?" mkewe aliuliza. Alipitisha mkono kati ya tangi na ukuta. "Na hiki ni nini?"

Akamwekea kitu kiganjani. Kilikuwa kikavu, chepesi kama ganda la kitunguu, kimeshika vumbi. Kidole gumba kikapapasa tumboni, kikakuta kile kikombe kidogo ambacho gobi hujishikiza nacho kwenye mawe.

Gobi huruka, anajua. Yeye ndiye huwaonya wenzake wasiache upenyo. Huyu aliruka zamani, akafa nyuma ya tangi, na yeye ameendelea kulisha mchanga, kuusalimia asubuhi na kuwasimulia wagonjwa jinsi unavyochungulia.

"Lakini nimemwona," alisema. "Jana nimemwona."

Mkewe hakucheka. Aliteremsha sauti. "Baba watoto, nimevaa gauni gani?"

"La kijani."

"La kijani nilimpa dada yangu kabla ya mvua."

Mume alitafuta kiti kwa mkono, akaketi.

"Na barabara unavuka vipi?" mkewe aliuliza.

Mlango wa ndani ukafunguka. Daktari wa meno, mwenye kliniki, akaja akivua glovu zake.

"Shemeji, karibu," alimwambia mke. "Umekuja kumwona gobi wetu? Hajambo?"

Mtunza matangi akafungua kinywa aseme yote, liwalo na liwe. Hapo akahisi mkono wa mkewe ukishuka juu ya wake, ukimkunja vidole kimoja kimoja mpaka vikamfunika yule samaki mkavu.

"Yuko chini ya jiwe," mke alisema. "Ametoa kichwa tu."

Daktari akainama kwenye kioo, akakaa hapo kidogo.

"Ee," akasema, "nimemwona."

Mkono wa mke ulikaza zaidi.