Hotpoti Hazirudi Tupu

Daktari alisema damu yangu na ya ndugu yangu Nzivo zinapatana kabisa, kwa hivyo figo yangu moja ingemfaa. Kisha akasema siwezi kuitoa. Kwa unene huu, mimi ndiye ningefia kwenye meza ya upasuaji. Nipunguze kilo kumi na tano kwanza, nitembee kila siku, ndipo nirudi. Nzivo alikuwa ameketi kando yangu, mkono una bandeji, ametoka kwenye mashine ya kusafisha damu. Mimi nilisema sawa. Nilisikia kama ni mtu mwingine anayeambiwa.

Jumapili iliyofuata mchungaji akanisimamisha kanisani, na wala sikumwomba. Akatangaza kwamba dada Wayua amejitolea figo kumwokoa mdogo wake. Watu wakapiga makofi, kina mama wakatoa machozi. Nilidhani nitafurahi, ama nitaona haya, ama nitahisi chochote kile. Wapi! Nilichokuwa nawaza ni kwamba viatu vinanibana.

Kuanzia siku hiyo hotpoti za chakula zikaanza kuja. Watu wetu hawajui kusema asante mikono mitupu. Shiru, jirani yangu hapa Buruburu, alileta chapati. Mama mmoja wa kwaya akaleta muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Kavinya, mke wa Nzivo, akaleta kuku wa kienyeji, na akakaa papo hapo kuhakikisha nimekula. Wote walisema neno moja: kula, Wayua, upate nguvu ya kutoa figo. Sasa mtu kama huyo utamwambiaje kwamba chakula hicho ndicho kinachoizuia figo kutoka? Nilijaribu kumweleza Shiru. Akanijibu kwamba chapati zake ni laini, haziwezi kumnenepesha mtu.

Na hotpoti ya watu hairudi tupu. Ningeirudisha tupu, marehemu mama angefufuka anichape. Basi napika pilau ya kujaza hotpoti ya Shiru, naonja chumvi, naonja tena, nampelekea, na baada ya siku mbili hotpoti ile ile imerudi kwangu imejaa.

Msidhani sikujaribu kutembea. Mara ya kwanza nilitembea kwa hasira. Huko Makadara, ninakofanya kazi ya kuchapa hati za wakili, nimekaa kutwa, mwenzangu alitania kwamba figo yangu itatoka na mafuta yake ya kukaangia. Jioni hiyo niliishika Jogoo Road kwa miguu mpaka nyumbani, jasho linatiririka, sikusimama popote. Kesho yake nikarudia. Halafu yule mtu akaniomba msamaha kwa heshima zote, na hasira ilipoisha miguu nayo ikagoma.

Mara ya pili nilitoka asubuhi na kina mama wa kanisa. Walikuwa mbele, mimi nyuma kabisa, na vijana wa bodaboda wakaniita, mathe, pole pole, usitupasulie lami. Hawakuwa na ubaya, hata mmoja alinipungia mkono. Lakini nilirudi nyumbani nikamaliza muthokoi yote ya mama wa kwaya. Baada ya hapo sikuhisi tena kitu, si hasira wala aibu. Naamka, nakaa ukingoni mwa kitanda, naziangalia raba zangu mlangoni, zinaniangalia. Watu husema mnene ni mvivu. Mvivu angalau hufurahia kulala. Mimi sikufurahia.

Tuliporudi hospitali, mizani ilionyesha nimeongezeka. Kavinya alilia kwenye korido mpaka watu wakageuka. Mimi nikamwambia twende tutafute chai. Hebu fikiria, mumewe anakufa, na mimi nataka chai! Toka siku hiyo akaacha kunisalimu, na hata hilo halikuniuma.

Jumamosi Nzivo akaja peke yake. Huyu alikuwa dereva wa lori, mtu wa kubeba magunia mawili ya simiti kwa mpigo, na sasa amefika mlangoni kwangu uso umevimba, anashika ukuta. Akaketi mezani, mbele ya hotpoti tano. Akazifungua moja moja, akachungulia, akazifunika. Vingi vya vyakula vile alishakatazwa na daktari.

"Wayua, ukisema hapana sitakuchukia," alisema. "Mashine nimeshaizoea. Lakini useme. Usikae ukila tu."

Hapo nikapandwa na hasira. Nilitaka kumuuliza ni nani aliyemtuma kuja kuhesabu matonge yangu. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kingine.

"Sijasema hapana. Naogopa, Nzivo. Nikipungua, watanipasua."

Hata mimi nilikuwa sijui. Kumbe kila nilipofunga kamba za raba, nilikuwa naiona ile meza ya daktari, na kila tonge lilikuwa linaisogeza mbali. Nikalia vibaya, makamasi hadi kwenye leso.

"Mimi pia naogopa," Nzivo alisema. "Kila nikikaa kwenye kiti cha ile mashine."

Kisha akaniomba nitoe kilichomo kwenye hotpoti ya Shiru na ya mama wa kwaya, niwape majirani wa juu wenye watoto wengi, nizioshe. Nikaziosha. Akasema twende tuzirudishe hivyo hivyo. Nikamwambia ni aibu kubwa. Akasema aibu ataibeba yeye, mgonjwa hasutwi.

Shiru aliipokea yake, akaipima kwa mkono, akafungua kifuniko, akatazama ndani, kisha akanitazama mimi. Nzivo akamweleza kwamba dada yake hapokei chakula tena, anayetaka kumshukuru aje watembee pamoja. Shiru akafunika hotpoti yake polepole. Kisha alitusindikiza mpaka getini.

Mama wa kwaya anakaa ng'ambo ya barabara, mwendo kidogo. Hatukufika mbali. Nzivo pumzi ilimwishia, akaketi kwenye ukingo wa mtaro, mkono kifuani. Maisha yangu yote ya kutembea na watu, mimi ndiye husubiriwa. Leo nilikuwa nimesimama mbele, hotpoti mkononi, nikimsubiri Nzivo. Na woga haukuwa umeniisha hata kidogo.

Akaniambia niende tu, nitamkuta hapo hapo. Nikaenda, nikairudisha hotpoti ya watu tupu, nikasema asante, sikueleza. Wakati wa kurudi nikajikuta naharakisha, kisha nakimbia, matiti na tumbo vyote vinaruka, vijana wa boda wanatazama, na sikuwajali, maana ndugu yangu alikuwa ananingoja.