Miguu ya Bwana Saini

Nataka kuungama. Likizo iliyopita nilitenda kosa, na kosa lenyewe sasa limo ndani ya filamu, watu wanapanga foleni kulitazama.

Kwa miaka sita Shangazi yangu aliigiza kichekesho cha runinga. Alikuwa Bwana Saini, mtunza stoo mwenye masharubu ya bandia, asiyetoa kitu bila karatasi. Zimamoto wanakuja mbio kuomba mpira wa maji, jengo linawaka nyuma yao, naye anauliza kwa upole, "Saini iko wapi?" Dakika tatu, kisha matangazo.

Halafu wakubwa wakaamua kumtengenezea filamu ya saa moja na nusu. Nyumbani tuliruka mpaka meza ikavunjika mguu. Ndipo likazuka jambo ambalo hakuna aliyeliwaza: miaka yote hiyo Bwana Saini alisimama nyuma ya kaunta. Kuanzia kiunoni kushuka chini hakuwa Bwana Saini, alikuwa Shangazi na kandambili zake. Filamu ilimtaka atoke stoo, avuke barabara, apande ngazi na maua mkononi. Atembeeje?

Alijaribu wiki nzima. Akitembea kijeshi, tulimwona Shangazi kwenye gwaride. Akichechemea, tulimwona Shangazi kajikwaa. Mwongozaji, mtu mpole asiyeachana na kikombe chake cha chai, akamweleza ukweli.

"Dada, kesho saa nne nataka miguu. Nisipoiona, masharubu anapewa mwigizaji mwingine."

"Masharubu yangu?"

"Na kaunta."

Siku hiyo Shangazi alirudi nyumbani akapita bila hata kunigombeza. Nikajua mambo yameharibika kweli.

Mtoto mwema angemwombea. Mimi nimelelewa bweni. Asubuhi nilimsindikiza studio, na suruali ya Bwana Saini ikiwa bado imetundikwa, nikatumbukiza mfukoni kufuli la sanduku langu la shule, zito kama tofali. Nia yangu ilikuwa safi: suruali imshuke kidogo kwenye mazoezi, acheke, hofu imtoke. Sikujua kwamba mazoezi yamefutwa. Aliivaa huku anaitwa, akaingia moja kwa moja mbele ya kamera.

Hatua ya kwanza, suruali ikaelekea kushoto. Ya pili, akaibana kwa kiwiko. Ya tatu, akainua kidevu kama mtu anayeficha aibu kwa cheo, akaendelea kwa vihatua vifupi, mguu wa kushoto ukimfuata kama mtoto anayepelekwa kunyolewa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, roho mkononi.

Katikati ya chumba akasimama, akalitoa kufuli. Lilikuwa na namba yangu ya bweni. Macho yake yakanitafuta, yakanipata.

"Kufuli hili," akasema Bwana Saini, "limetoka stoo gani? Saini iko wapi?"

Mwongozaji akamwaga chai. "Ndiye! Ndiye huyo! Anatembea na stoo nzima mfukoni! Rudia, Dada, rudia!"

Alirudia mara kumi na moja. Fundi wa taa alicheka mpaka akakaa chini. Masharubu hayakwenda kokote.

Jumatatu nilipita studio, begi mgongoni.

"Shangazi, naomba kufuli langu. Narudi shule."

Hakuinua hata macho. Alinyoosha kiganja, akangoja karatasi.

Nilifika bweni na sanduku limefungwa kwa kamba, na sijawahi kuringia kamba kiasi kile.