Chai ya Mama Kijani

Ukienda kusukwa kwa Mama Kijani, ujue nywele zitashughulikiwa na vidole vyake, na masikio yatashughulikiwa na chai ya kijani. Huna pa kukimbilia, maana nusu ya kichwa iko mkononi mwake. Atakwambia inafaa moyo, inapunguza mafuta, inachangamsha akili bila kuleta kiherehere. Wateja waliitikia "ehee" na "kumbe", wakanywa kikombe cha bure huku wamekunja uso. Jina hilo walimpa wao, naye akalipokea kama cheo.

Hakuwa mwongo. Yeye mwenyewe alikuwa ameacha soda na chai ya sukari tele, kiuno kikarudi, ngazi akazipanda bila kuhema. Tatizo ni kwamba mtu akifaidika na kitu, hutaka dunia nzima ifaidike nacho, ipende isipende.

Basi binti yake wa pekee, ambaye mumewe alikuwa mbali kikazi, akarudi kwa mama kusubiri uzazi wa kwanza. Kliniki ikasema damu yake iko chini, ikampa vidonge vya kuongeza damu. Mama Kijani akaongeza na lake. Kila mchana, binti akimaliza tu kula, alimletea kidonge kwenye kisosi na kikombe cha chai ya kijani cha kukisindikizia. Kisha alisimama mlangoni, kitana mkononi, akimtazama anavyomeza.

"Kimeshuka?"

"Kimeshuka, mama."

Damu ikagoma kupanda. Binti alienda kliniki tena, majibu yakawa yale yale. Mama Kijani akazidisha majani kwenye birika. Mchana kutwa alicheka na wateja, lakini moyoni alikuwa na hofu kubwa. Mkunga alikuwa ameshasema wazi kwamba mwenye damu kidogo namna ile, akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, anaweza kupoteza maisha.

Safari iliyofuata alifunga saluni wakaenda wote. Mkunga, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, alisoma majibu ya maabara, akaguna.

"Vidonge unameza?"

"Kila siku," binti alijibu.

"Unamezea nini?"

Binti aliangalia sakafu. "Maji."

"Maji gani tena?" Mama Kijani akadakia. "Anamezea chai ya kijani, nesi. Namchemshia mwenyewe, akimaliza tu kula."

Mkunga akavaa miwani, akamtazama vizuri.

"Mama, chai yako haina ubaya wowote. Ila vidonge hivi vina madini ya chuma, na chakula pia kinayo. Chai ikiyakuta tumboni inayang'ang'ania, mengi hayafiki kwenye damu. Kidonge ameze kwa maji. Chai akitaka, kikombe kimoja, saa mbili mbali na kidonge na chakula. Muda bado upo, damu itapanda." Akavua miwani. "Haya yote nilimweleza binti yako siku ya kwanza."

Walitoka wakasimama kwenye ua wa kliniki, karibu na benchi tupu. Mama Kijani alijisikia vibaya kuliko alivyowahi kujisikia. Kwa mikono yake mwenyewe alikuwa akimhatarisha mtoto aliyekuwa akimhangaikia.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Na ukanywa?"

"Nilikunywa."

"Sasa mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilianza kukuambia, mama. Nikasema nesi kasema kuhusu chai, ukanikatiza ukaanza kunieleza faida zake. Ulipomaliza, chakula kilikuwa kimepoa." Binti alitaka kucheka, akashindwa. "Halafu ukasimama pale mlangoni, umefurahi kweli. Nikaona heri ninywe."

Mama Kijani alimpangusa binti jasho la shingoni kwa ncha ya khanga, taratibu.

"Lipo jingine unalonificha?"

Binti alitazama benchi.

"Sema tu. Sikukatizi."

"Yapo, mama."

"Yapo? Mangapi?"

"Tukae kwanza," binti alisema.

Mama Kijani akakaa, akafumba mdomo, akasikiliza.