Mikono Minne

Daktari hakuzungusha maneno, na ndivyo ninavyopenda. Chiriku ana baridi yabisi ya watoto. Kidoti, pacha wake wa kufanana, anaweza kuipata au asiipate.

"Mkague kila asubuhi, mama. Vidole vikianza kukakamaa, mlete siku hiyohiyo. Viungo vikishaharibika havirudi."

Mimi ni mtunza stoo, nina stashahada ya ugavi. Kukagua ndiyo kazi yangu. Kila asubuhi nilisimama kando ya kitanda chao nikasema, "Mikono." Wanalala pamoja, wamejifunika gubigubi. Mkono mmoja ulitoka huku, mwingine kule, kila mmoja ukanibana vidole. Ilinibana kwa nguvu sawasawa. Nikasema, sindano za Chiriku zinafanya kazi, na Kidoti ni mzima. Nikaenda stoo roho kwatu.

Juzi mwalimu wao alinipigia. "Mama Pacha, siku hizi Kidoti mwandiko wake kama kuku kapita. Hata vifungo vya shati anafungiwa na mwenzake."

"Huyo mvivu tangu tumboni," nikamjibu. "Hata kuzaliwa alivutwa."

Tukacheka. Nilipokata simu, kicheko kilinikauka mdomoni.

Asubuhi iliyofuata nikasema, "Leo nataka mikono yote minne."

Blanketi likatulia. Kisha mkono ukatoka huku, mwingine kule.

"Nimesema minne."

"Kidoti amelala," Chiriku akasema kutoka ndani.

"Mbona simsikii akikoroma?"

Kidoti akakoroma.

Nikalivuta blanketi. Chiriku alikuwa katikati, mikono ameitandaza kama shati kwenye kamba. Mkono wa huku ulikuwa wake, na wa kule pia wake. Kidoti alikuwa amejikunja ubavuni mwake, mikono ameibana kifuani. Nikaichukua. Ilikuwa ya moto. Vidole vimevimba kwenye maungo, na nilipovinyoosha hata nusu, akauma mto.

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze," Chiriku akasema.

Mvua zilikwisha zamani, vumbi limesharudi madirishani.

"Na mnanificha mimi? Mimi?"

"Ulimwambia mama mdogo kwenye simu. Ulisema mmoja amekumaliza, wa pili akiumwa utakufa."

"Hayo ni maneno ya watu wazima."

"Sisi hatukujua."

Nilichukua sare ya Kidoti, nikamvalisha kama mtoto mchanga. Nilitaka tuwe wa kwanza kliniki, ingawa nilijua kuwahi leo hakufuti jana. Daktari atauliza ameanza lini, nami, mkaguzi mzima, nitamjibu tangu mvua zianze.

"Sasa utakufa, mama?" Kidoti akauliza.

Nilikuwa nahangaika na kifungo cha juu. Kilikuwa kinateleza, kinateleza tena.

Chiriku akanisogeza kwa bega.

"Acha, mama. Mimi nimeshazoea."