Fer Ikitoka mu Makala

Batu ya Butembo banajua miye Kanyere niko mutu wa hasira, na siko na haya ya kuisema. Kazi yangu njo ilinipa ile hasira. Ukishinda siku nzima ku table, loupe, kioo ya kukuzia, ku jicho, unashikisha na étain, madini ya kuyeyusha, miguu ya chuma midogo kupita punje ya sukari, halafu mutu anapita nyuma yako na kukohoa, unaweza mupiga na kiti. Kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa na sheria moja, ya tangu wakati wa papa, baba yetu: fer ikitoka mu makala, kila mutu ananyamaza. Batu banarudilia kusema tu wakati nachovya fer, ile chuma ya moto ya kuyeyushia étain, mu kopo ya maji na inalia tsii. Mudogo wangu Paulin, mwenye kuniita yaya, ni kusema dada mukubwa, alikulia mu ile sheria. Akiwa na miaka ine, nyuki ilimuluma ku sikio, akakuja kusimama kando ya table na machozi inamwangika, akangoja maji ilie, njo akafungua kinywa. Tulicheka sana ile siku.

Papa alikuwa fundi wa masaa kule Lubero. Aliniachia loupe yake na fer ya shaba, ile ya kupasha mu mbabula, jiko ya makala, juu courant ya umeme hapa kwetu hakuna. Kwa kazi ndogo nilikuwa nafunga waya wa shaba ku pua ya fer na kuunoa mupaka unakuwa sindano. Na ule waya nilitengeneza radio, mashini za foto, na mu miaka ya vita, simu za satelliti za basoda, ni kusema askari.

Mwaka wa 2002, mu mwezi wa kumi na moja, saa tatu ya asubui, Commandant Luc aliingia kwangu bila kupiga hodi, na basoda wawili. Nilimujua. Kabla ya vita alikuwa anauzisha essence, petroli, mu machupa ku soko ya Kanyabayonga, na radio yake nilimutengenezeaka mara mbili. Sasa alikuwa na batu yake ya bunduki, banapigana kule Mabalako. Akaweka simu ku table yangu.

«Écran ya kioo imezimika, siwezi kuita mutu,» akasema. «Batu yangu banaishiwa masasi ya bunduki. Tengeneza, mama.»

Nikafungua. Nappe, ule mukaba mwembamba wa manyuzi wenye kuunganisha écran na plaque, ubao ya ndani ya simu, ulikuwa umeng'oka pamoja na connecteur yake, kile kiungio ya miguu. Miguu makumi mbili, yote imepinda. Mutu alikuwa ameingiza kisu mule.

«Nani alifungua hii?» nikauliza.

Soda moja akaangalia chini. Luc akamugeukia, akamupiga na kitako ya bunduki mu kinywa, na meno ikaanguka ku mbao za nyumba yangu. Hapa njo nilipaswa kunyamaza, mais miye kinywa yangu inatangulia akili.

«Luc, miye siitengenezi. Juzi batu yako balichoma manyumba ya bakulima kule Mabalako, na batu ndani. Ipelekee ule alikuuzishia simu.»

Paulin alikuwa anaingia mu mulango na kiroba ya makala ku bega. Luc akauliza huyu ni nani. Nikajibu miye mwenyewe, bila kufikiri, mudogo wangu. Bakamukamata, bakamufunga mikono nyuma, na Luc akatoa pistolet akamupiga risasi mu paja, juu ya goti. Paulin akaanguka mu makala yake na kupiga kelele.

«Sasa itatengenezeka,» Luc akasema. «Écran ikiwaka, utamupeleka hospitali. Isipowaka, ya pili naipiga mu kichwa.»

Nikamuomba nimufunge muguu kwanza. Akasema kwanza simu. Nikavua kitenge yangu nikamutupia soda mwingine, ule alikuwa na meno yake yote, nikamwambia afunge, akaze. Akazungusha tu, ginsi batu banafunga muzigo ya nguo. Sikupata wakati wa kumufundisha. Table yangu inaangalia dirisha juu ya kupata mwangaza, donc Paulin alikuwa chini, nyuma yangu.

Nikanyoosha ile miguu moja moja na sindano. Nikatoa fer mu makala, nikashika roho. Muguu wa kwanza ukashika vizuri. Kwa wa pili, étain ikamwangika, ikaunganisha wa pili na wa tatu, juu table ilitikisika. Paulin alikuwa analia na kupiga kisigino ku mbao. Nyumba yetu ni ya mbao, ukikanyaga huku, kule kikombe inaruka.

«Paulin, nyamaza,» nikamukalipia. «Unanitikisia table.»

«Pole, yaya,» akasema.

Akanyamaza. Nikasafisha, nikaanza tena. Luc alikuwa anatembea anatukana mama ya kila mutu, nikamwambia na yeye akae na afunge kinywa kama anataka simu yake. Akakaa. Nitasema ukweli, nilisikia kiburi. Commandant mwenye kuchoma manyumba alikuwa amekaa ku kiti yangu ya kupikia, ananyamaza juu miye nilishika fer.

Wa tano. Wa sita. Kwa kila muguu nashika pumzi, nagusa, natoa, napumua. Hakuna sauti nyuma yangu. Nilikuwa nasema mu roho, huyu mutoto wa mama yangu ana nguvu, na risasi mu paja anashika sheria. Wa kumi na moja.

«Chef,» soda akamwambia Luc polepole, «huyu mutu anakuwa…»

«Shii,» nikamukata, bila kugeuka. Na Luc akamuonyesha kidole anyamaze.

Wa kumi na ine. Miguu yangu ilisikia kitu ya moto mu sandale, nikafikiri nimemwanga kopo ya maji. Sikuangalia. Wa kumi na tisa. Wa makumi mbili. Nikaingiza nappe, nikafunga, nikakamata bouton ya kuwasha. Écran ikawaka, na namba zote, safi. Nikachovya fer mu maji. Maji ilikuwa imejaa mu kopo yake. Ikalia tsii.

«Paulin, imeisha,» nikasema. «Lia sasa.»

Nikageuka. Alikuwa ameuma bega ya shati yake, meno yote ndani, na macho wazi. Kitenge ilikuwa imelegea kitambo. Damu ilikuwa imepita ku miguu yangu mupaka chini ya table.

Luc alikuwa amekwisha kuita namba. Akaruka muguu ya mudogo wangu, simu ku sikio, akasema, «Pole, mama.» Nikashika mbabula na mikono yangu miwili, na moto ndani, nikamupiga nayo ku shingo. Alianguka analia kama nguruwe. Basoda balinipiga na bunduki mupaka sikujua tena kitu. Ngozi ya mikono yangu ilibakia ku ile chuma. Simu ilianguka pamoja naye na haikuzimika. Kabla ya kuzimia, nilisikia mutu ndani yake anaita allo, allo. Kazi yangu ilikuwa nzuri.

Adèle, muke wa Paulin, alitoka Beni na batoto yabo wawili, Keren na Kitsa, tukamuzika. Akaniuliza bwana yake alisema nini ya mwisho. Nikamwambia alisema pole, yaya. Ile miye nilitangulia kumukalipia Paulin, sikumwambia Adèle. Leo njo naisema.

Adèle na batoto balibakia kwangu. Nilipopona, siku ya kwanza natoa fer mu makala, Keren alimushika Kitsa mukono na kuweka kidole ku midomo. Baba yao alibafundisha. Nilitupa fer chini na kulia mbele yabo, na hasira yangu yote iliishia pale.

Sasa natengeneza na kelele. Nimebaambia baimbe, bapigane, bapige masufuria. Table inatikisika, na batu banalalamika connecteurs zangu haziko safi kama zamani. Banaweza peleka kwa mwingine. Kitsa akichoka na kunyamaza, miye naweka fer chini, naangalia nyuma.