Benchi la Verna

Jumatano ya tarehe kumi na nane Februari, saa nne asubuhi, Cyprian, mpagazi wa hoteli moja Maskati, alifunga benchi la piano, akatia ufunguo mfukoni, akalivika shuka, akalipandisha benchi kwenye lori kwa mikono yake mwenyewe. Kesho yake Ramadhani ilikuwa inaanza, na kila Ramadhani muziki wa hoteli hunyamaza. Piano huvishwa shuka, ikasukumwa hadi stoo nyuma ya chumba cha kufulia, ikasubiri Idi. Miaka kumi na mmoja hivyo hivyo. Mwaka huu tu ndipo lilipokuja lori.

"Yalla, Cyprian, pakia!" alisema Wael, meneja, mikono nyuma kama anakagua gwaride.

Saa saba Verna akaitwa ofisini. Mmarekani huyo, miaka sabini na miwili, ujanani kwao aliimba nyuma ya watu ambao majina yao yalibandikwa kuta nzima. Lake halikubandikwa popote. Hapa Maskati alipewa kona ya kupigia piano karibu na lifti. Sasa akaambiwa viza imefutwa, ndege ni saa kumi na mbili jioni, na ukumbini mahali pake vitafungwa vipaza sauti. Khalas, basi. Hata kiti hakukaribishwa.

"Shemeji," alimwambia Cyprian mlangoni, kwa Kiswahili alichofundishwa na marehemu Filomena, mkewe Cyprian, katikati ya pasi na mvuke wa chumba cha kufulia, "daftari langu limo ndani ya benchi."

Daftari lile! Nyimbo alizotunga mwenyewe miaka arobaini, kwa penseli, bila nakala, ambazo hakuna aliyewahi kumrekodia. Wa mwisho ndio aliomwimbia Filomena hospitali, wiki ile wakubwa wa hoteli hawakumpelekea mfuaji wao hata chungwa moja.

Cyprian akakodi teksi mpaka mtaa wa Ghala, akapita gereji na vumbi lake, hadi bohari aliyoelekezwa na dereva wa lori. Mlinzi alikuwa Yassin, mtu wa Tanga.

"Nifungulie, ndugu yangu. Dakika moja tu."

"Kaka, bila barua ya meneja hata mimi siingii."

"Ufunguo huu hapa!"

"Huo wa benchi. Na wa mlango?"

Akampigia Wael. "Vitu vya hoteli ni vya hoteli," Wael akasema, akakata.

Cyprian akatukana mpaka mate yakamkauka. "Kazi yao kusaini! Hawajabeba hata kijiko chao! Walimmaliza mke wangu kwa mashuka yao, sasa na huyu!" Yassin akamwacha amalize, akampa chupa ya maji. Hakuinywa.

Saa kumi na moja simu ikalia. Verna, uwanja wa ndege.

"Umelipata, shemeji?"

"Bado. Mashetani hawa, Wael na wenzake..."

"Cyprian." Hakuwahi kumwita kwa jina. "Kila mwaka piano mnaisukuma kwa mkono. Ulipoliona lori, mbona hukuniita?"

Kwenye upenyo wa mlango wa bati alikuwa akiliona benchi, shuka limefungwa fundo alilofundishwa na Filomena, lile lisilofunguka njiani. Alilifunga vizuri. Ufunguo ulikuwa umemchora kiganjani.

Upande wa pili abiria walikuwa wanaitwa.

"Shemeji? Mbona hukuniita?"